Mencius, Xunzi au Han Fei: uanze na yupi ukitaka kuielewa serikali ya China

Anayetaka kuielewa China kupitia Confucius kwa kawaida huelekezwa moja kwa moja kwenye Mazungumzo, kitabu cha sura 20 kilichokusanywa na wanafunzi na wafuasi baada ya mzee mwenyewe kufariki mwaka 479 KK. Mimi simshauri aanzie huko. Kitabu ni kitamu, ila ni cha vipande vipande: Mwalimu alisema hivi, mwanafunzi akauliza vile, mara unasoma kwamba mkeka usipokuwa umenyooka hakuukalia. Ukifika mwisho utakuwa umempenda mzee, lakini bado hujui ilikuwaje wafalme wa China wakatawala kwa jina lake kwa takriban miaka elfu mbili, wala kwa nini kijana wa kijijini alikesha akikariri maneno yake ili siku moja awe mkuu wa wilaya.

Majibu yako kwa waliokuja baadaye, na hapo ndipo pa kuchagua. Mencius, au Mengzi, alizaliwa yapata mwaka 372 KK karibu na nyumbani kwa Confucius, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Shandong. Xunzi aliishi karne ya 3 KK, akafundisha kwenye chuo cha Jixia katika dola ya Qi, kisha akawa mkuu wa wilaya ya Lanling huko Chu. Han Fei, mwana wa ukoo wa kifalme wa dola ya Han (si nasaba ya Han iliyokuja baadaye), alisoma kwa Xunzi na akafia gerezani katika dola ya Qin mwaka 233 KK. Wawili wa kwanza ni wafuasi wa Confucius waliopingana wao kwa wao. Wa tatu ni adui wa mafundisho hayo. Nimemweka makusudi, kwa sababu serikali iliyojitangaza kuwa ya Confucius ilifanya kazi zake nyingi za kila siku kwa zana za Han Fei.

Baba ameiba kondoo

Ukitaka kuwapima watu hawa haraka, wape kesi moja. Katika Mazungumzo, mtawala wa She anajisifu kwa Confucius: kwetu kuna mtu mnyoofu, baba yake aliiba kondoo naye akatoa ushahidi dhidi yake. Confucius anajibu kwamba kwao wanyoofu ni wa namna nyingine: baba humfichia mwana, mwana humfichia baba, na unyoofu umo humo humo.

Mencius anaichukua hoja hiyo na kuipandisha hadi ikulu. Mwanafunzi wake anamuuliza: tuseme Shun, yule mtawala mwema wa simulizi za kale, ni mfalme, Gao Yao ni hakimu, na baba yake Shun ameua mtu. Inakuwaje? Mencius anasema hakimu amkamate, basi. Shun hamzuii? Atamzuiaje, wakati hakimu ana mamlaka aliyopokea kihalali? Sasa Shun afanye nini? Angeutupa ufalme kama mtu atupavyo kiatu kilichochakaa, akambeba baba yake mgongoni kwa siri, akakimbilia ufukweni, akaishi huko kwa furaha asiukumbuke tena ufalme. Ukilisoma jibu hili kwa haraka utadhani ni la upendeleo. Lisome tena. Sheria haikupindishwa hata kidogo, ila mtu amelazimika kuchagua kati ya kuwa mfalme na kuwa mwana, na akalipa bei yote mwenyewe. Viongozi wanaotaka kumwokoa ndugu na kiti wabaki nacho hawamo katika hadithi hiyo.

Xunzi ana ubaridi zaidi. Anaandika kwamba jambo kubwa la binadamu ni kuifuata Njia na si mtawala, kuifuata haki na si baba. Anataja hata hali ambazo mwana mwema anapaswa kukataa amri ya mzazi: kama utii utawaingiza wazazi katika hatari, utawaaibisha, au utamfanya yeye mwenyewe aishi kama mnyama. Wanaodhani mafundisho ya Confucius ni kusema "ndiyo baba" tangu asubuhi hadi jioni wamkumbuke Xunzi.

Kisha anakuja Han Fei na kondoo yule yule. Katika simulizi yake, waziri mkuu wa dola ya Chu anaamuru yule kijana auawe, maana alikuwa mnyoofu kwa bwana wake lakini mpotovu kwa baba yake. Han Fei anaongeza kisa cha mtu wa Lu, dola ya nyumbani kwa Confucius, aliyekimbia vitani mara tatu. Confucius alipomuuliza sababu, akasema ana baba mzee na yeye akifa hakuna wa kumtunza. Confucius akamsifu na kumpandisha cheo. Matokeo, anasema Han Fei: huko Chu uhalifu haukuripotiwa tena, na huko Lu askari wakawa wepesi wa kusalimu amri na kukimbia. Maslahi ya dola na maslahi ya familia ni vitu viwili, na mtawala anayevipa tuzo vyote viwili anajichimbia kaburi.

Nani alishinda kesi hii? Kwenye vitabu vya sheria, Confucius alishinda karne nyingi. Mwaka 66 KK mfalme Xuan wa nasaba ya Han alitoa amri ya kuwaondolea adhabu watoto wanaowafichia wazazi wao. Sheria za nasaba ya Tang za mwaka 653 ziliruhusu jamaa wa karibu kufichiana makosa, na mtoto aliyemshtaki mzazi wake aliadhibiwa kwa kunyongwa. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na mpaka: uhaini haukufichika. Kondoo ni mali ya jirani, unaweza kumfichia baba. Kikiguswa kiti cha mfalme, anaingia Han Fei. Kwangu mimi, mpaka huo mmoja unaieleza dola ya kifalme ya China kuliko kurasa nyingi za maneno juu ya maelewano na heshima kwa wazee.

Mambo hayo hayajazikwa. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao Zedong (1966 hadi 1976) watoto walihimizwa kuwafichua wazazi wao hadharani. Miaka mingi baadaye, mabadiliko ya sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 2012 yakasema mahakama isimlazimishe mume, mke, mzazi wala mtoto wa mshtakiwa kufika kizimbani kutoa ushahidi. Angalia kwamba ni kizimbani tu. Mbele ya polisi hawajapewa haki ya kunyamaza. Na tangu Julai 2013 sheria ya kuwalinda wazee inawataka watoto wanaoishi mbali na wazazi wawatembelee mara kwa mara au wawajulie hali. Wajibu ni wa Confucius, lakini kuuandika kama kifungu cha sheria ni mtindo ambao Han Fei angeutambua mara moja.

Moyo wa mtu

Hili ndilo hutajwa kwanza kila mahali, ingawa mimi naliona dogo kuliko linavyokuzwa. Mencius: mtu yeyote akimwona mtoto anataka kutumbukia kisimani hushtuka kabla hajawaza sifa wala malipo, kwa hiyo mbegu ya wema imo. Xunzi: maumbile ya mtu ni mabaya, ni kama ubao uliopinda unaohitaji mvuke na kubanwa hadi unyooke. Sisi husema samaki mkunje angali mbichi. Xunzi hakubali kwamba kuna umri wa kukata tamaa, maana hata ubao mkavu ukipata mvuke hukunjika. Ndiyo sababu kitabu chake kinafunguliwa na sura ya kuhimiza elimu.

Han Fei hajali moyo ukoje. Seremala wa magari ya farasi huomba watu watajirike na seremala wa majeneza huomba watu wafe, wala si kwamba mmoja ni mwema na mwingine ni mchawi. Kila mmoja anaangalia anakopata riziki. Serikali na iwapange watu kwa kujua hilo.

Mfalme asiyefaa

Hapa ndipo Mencius anapopaa. Kitabu chake kinaanza na mfalme Hui wa Liang akimpokea: umekuja kutoka mbali, bila shaka umeleta kitu cha kuifaidi nchi yangu? Mencius anamkata: kwa nini Mfalme ataje faida? Mfalme akiuliza nchi yangu itafaidikaje, mawaziri watauliza nyumba zetu zitafaidikaje, na wananchi watauliza sisi je, na wote wataanza kunyang'anyana. Ni kurasa mbili tu, na hoja yenyewe haijachakaa.

Anapoulizwa na mfalme Xuan wa Qi kama ni halali mtumishi kumuua mfalme wake, anasema anayevunja utu na haki ni mtu tu wa kawaida; amesikia kwamba yule mtu aliyeitwa Zhou, mfalme dhalimu wa mwisho wa nasaba ya Shang, aliuawa, lakini hajasikia kwamba aliuawa mfalme. Mahali pengine anapanga safu: wananchi kwanza, madhabahu ya ardhi na nafaka pili, mtawala ndiye mwepesi kuliko wote.

Maneno haya yaliwauma walioyaelewa. Zhu Yuanzhang, aliyezaliwa fukara akaanzisha nasaba ya Ming mwaka 1368, alikasirika hadi akaamuru kibao cha jina la Mencius kiondolewe katika hekalu la Confucius. Baadaye kikarudishwa, lakini mwaka 1394 likatolewa toleo la Mencius lililokatwa vifungu 85. Mwandishi anayekatwa na serikali miaka zaidi ya elfu moja na mia sita baada ya kufa anastahili kusomwa kwa sababu hiyo peke yake.

Udhaifu wake nao ni mkubwa. Mencius hasemi ni nani hasa atakayemwondoa mfalme mbaya, wala kwa utaratibu gani. Mawaziri wa damu ya kifalme wanaweza kumng'oa asiposikia, anasema, na mfalme aliyekuwa akimsikiliza akabadilika uso. Mawaziri wengine waonye, wasiposikilizwa waondoke zao. Hakuna baraza, hakuna kura, hakuna muda wa kukaa madarakani. Mbingu huamua, na Mbingu husemea kwa njaa na maasi.

Xunzi ana mfano wa mtawala kuwa mashua na wananchi kuwa maji: maji hubeba mashua, na maji huipindua. Mfalme Taizong wa Tang na mshauri wake Wei Zheng waliupenda sana katika karne ya 7. Ukiutazama vizuri, ni onyo kwa nahodha ajue kuendesha. Hauwapi maji haki yoyote.

Na Han Fei? Anauliza swali ambalo wenzake wanalikwepa. Watawala bora kama Yao na Shun hutokea mara moja katika vizazi elfu, na madhalimu wakubwa vivyo hivyo. Wengi ni wa katikati, watu wa kawaida waliokalia kiti. Kumsubiri mwema ni kumwacha mwenye njaa leo asubiri nyama nzuri ya mwaka kesho. Jenga utaratibu ambao hata mtawala wa kawaida ataendesha nchi. Hoja hii ni ya kisasa kuliko zote tatu, na inatia hofu kwa sababu utaratibu anaoujenga unamlinda mtawala dhidi ya kila mtu, lakini haumlindi mtu yeyote dhidi ya mtawala.

Nani aaminiwe ofisini

Han Fei anasimulia kwamba mtawala Zhao wa dola ya Han alilewa akasinzia, na mtunza kofia, akiogopa bwana atapata baridi, akamfunika joho. Mtawala alipoamka alifurahi, akauliza nani amemfunika. Alipoambiwa, akawatia hatiani wawili: mtunza joho kwa kutofanya kazi yake, na mtunza kofia kwa kuvuka mipaka ya kazi yake. Baridi ni mbaya, lakini mtumishi anayeingilia ofisi ya mwenzake ni mbaya zaidi. Yeyote aliyewahi kuzungushwa dirisha hadi dirisha akiambiwa "hilo si langu" anamjua mtunza kofia aliyefunzwa adabu. Mtawala ana mipini miwili tu, adhabu na tuzo. Asiiachie yote miwili, na asionyeshe anachokipenda, la sivyo watumishi watajipaka rangi hiyo.

Mencius yeye aliingia ofisini kwa mlango wa mtihani. Mfalme Wu wa nasaba ya Han alifungua chuo cha kifalme mwaka 124 KK kwa ajili ya vitabu vya mkondo wa Confucius, na mitihani ya kupata maafisa ilianza chini ya nasaba ya Sui na kupanuka baadaye. Lakini aliyeamua kijana asome nini alikuwa Zhu Xi, mwanafalsafa wa mkondo wa Confucius aliyefariki mwaka 1200. Alichagua vitabu vinne, Mencius kikiwamo na Xunzi akiachwa nje, na mwaka 1313 nasaba ya Yuan, ya Wamongolia, ikaamuru mitihani ifuate vitabu hivyo kwa ufafanuzi wake. Ikawa hivyo hadi mtihani ulipofutwa mwaka 1905.

Kwa hiyo afisa alikuwa ameijaza akili yake Mencius. Alipofika kazini, alikuta nini? Katika enzi za Ming na Qing hakuruhusiwa kutawala katika jimbo alikozaliwa. Alihamishwa kila baada ya miaka michache, alitathminiwa, na alichunguzwa na wakaguzi walioripoti hadi kwa mfalme. Hakuna lolote katika hayo linaloamini kwamba mbegu ya wema imo. Wachina wenyewe wana msemo wa hali hii: nje Confucius, ndani Sheria, yaani mkondo wa kina Han Fei. Mfalme Xuan wa Han, yule yule aliyewasamehe watoto wanaowaficha wazazi, alimkemea mrithi wake aliyewapenda sana wanazuoni: nyumba ya Han ina utaratibu wake, unaochanganya njia ya nguvu na njia ya kifalme; vipi tutegemee mafundisho ya maadili peke yake?

Xunzi ndiye anayepoteza hapa. Kibao chake kiliingizwa hekaluni mwaka 1084 na kikatolewa mwaka 1530, kisirudi. Kosa lake ni mawili: alisema maumbile ya mtu ni mabaya, na aliwafundisha Han Fei na Li Si, waziri aliyemsaidia Qin Shi Huang kuunganisha China kwa mkono wa chuma. Hata hivyo Tan Sitong, mwanamageuzi aliyekatwa kichwa Beijing mwaka 1898, aliandika kwa hasira kwamba siasa za miaka elfu mbili zilikuwa siasa za Qin na elimu ya miaka elfu mbili ilikuwa elimu ya Xunzi. Hakuwa anamsifu. Nadhani alikuwa karibu na ukweli.

Ukitazama leo, utawaona wote. Mao na wenzake walianzisha kampeni dhidi ya Confucius miaka ya 1973 na 1974, magazeti yakimsifu Qin Shi Huang na watu wa Sheria kama wanamaendeleo. Januari 2011 sanamu ya Confucius ya mita 9.5 ilisimamishwa mbele ya Makumbusho ya Taifa, kando ya uwanja wa Tiananmen. Aprili ikaondolewa usiku. Novemba 2013 Xi Jinping akazuru Qufu, mji wa Confucius. Na Xi huyo huyo amemnukuu Han Fei zaidi ya mara moja: hakuna nchi yenye nguvu daima wala dhaifu daima, wanaoisimamia sheria wakiwa imara, nchi huwa imara. Mtihani wa kitaifa wa utumishi wa umma nao siku hizi huandikisha watu zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, ingawa sasa haumuulizi mtu Mencius.

Basi uchukue yupi

Kama una wikendi moja, chukua Mencius, sura ya kwanza yote, ukafuatisha kwa Han Fei sura mbili, ile ya mipini miwili na ile ya wadudu watano, ambamo kondoo yumo. Usiwasome mmoja mmoja kwa miezi. Wasome wakiwa wanabishana. Mencius ni mfupi, anasimulia, na mabishano yake yana uchangamfu wa mtu anayejua kwamba anaongea na mwenye upanga. Han Fei ni mrefu takriban mara tatu, na sura 55 zake hazina haja ya kusomwa zote. Baadhi ni visa vitupu, vitamu kusimuliwa barazani.

Kama wewe ni mwalimu au unafanya kazi ya malezi, ninakubadilishia: Xunzi kwanza. Sura ya elimu na ile ya taratibu za heshima zinaeleza kwa nini Wachina waliipa adabu ya nje uzito mkubwa hivyo, kwamba msiba, harusi na kuinamiana ndivyo vinavyomfinyanga mtu kutoka nje kwenda ndani. Ni mwandishi mgumu, anajenga hoja polepole, na hana visa vingi vya kukupumzisha. Ila kati ya watatu ndiye aliyefikiri kwa mpangilio zaidi.

Mwandishi wa habari, mfanyabiashara au mtumishi wa umma anayekutana na maafisa wa China aanze na Han Fei bila aibu. Atamsaidia kuelewa kwa nini afisa wa ngazi ya chini hathubutu kuamua jambo dogo, kwa nini vita dhidi ya rushwa vinaendeshwa na chombo cha chama kinachoripoti juu moja kwa moja, na kwa nini mtu hupandishwa cheo na kuhamishiwa mbali. Lakini asiishie hapo, maana atamaliza akidhani nchi nzima ni mtunza kofia. Mwananchi wa China anapomlalamikia afisa kwamba hana haya, anamdai afisa huyo kwa lugha ya Mencius.

Tafsiri kamili ya Kiswahili ya watatu hawa usiitegemee. Anayesoma Kiingereza atapata Mencius ya James Legge ya mwaka 1861 bure mtandaoni, lugha yake ni ya kizamani lakini inasomeka. Xunzi na Han Fei wana tafsiri teule za Burton Watson, na hizo ndizo nyepesi zaidi kwa anayeanza. Wasomaji wa Bukavu na Bujumbura walioelimika kwa Kifaransa wana Mencius ya Couvreur ya mwaka 1895. Taasisi za Confucius zilizoko kwetu, ya Nairobi tangu 2005 na ya Dar es Salaam tangu 2013, kazi yake kuu ni kufundisha lugha ya Kichina; ukienda ukitarajia darasa la falsafa utaishia kujifunza kuagiza chai. Si vibaya, lakini Mencius utamsoma mwenyewe nyumbani.